Nani Aliyekuwa Anagawa? Kumbukumbu ya Kompyuta Enzi za KB 128

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita hapa Dar es Salaam, mbele ya vijana wanaosomea kompyuta. Mvua iliwazuia wengi kufika, wakaomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazee wenzangu mliokuja kunisindikiza, na ninyi vijana ambao ndio wenye shughuli.

Nianze na swali. Nani humu ndani ana simu yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2? Inueni mikono, msione haya. Naona mikono mingi, na wengine mmeificha chini ya meza. Basi mateso yake mnayajua. Uko WhatsApp unaandika ujumbe mrefu, unatoka kidogo kwenda kwenye kamera, unapiga picha moja tu, ukirudi WhatsApp inaanza upya kama vile haijawahi kukuona. Nani ameifunga? Si wewe. Wala si yenyewe. Mfumo wa simu umetazama kumbukumbu, umeona pamebana, ukamtoa mmoja nje bila kumuuliza mtu.

Kumbukumbu ya kompyuta ni kiwanja. Kina mipaka, hakiongezeki kwa dua, na kila programu inataka kujenga. Kwa hiyo swali ni lile lile linaloamsha kesi mtaani kila siku: nani anagawa? Leo anagawa mfumo, nawe hupewi hata taarifa. Lakini mimi nimefanya kazi kwenye kompyuta ambazo hazikuwa na mgawaji kabisa, na nikafanya kazi kwenye nyingine ambazo mgawaji nilikuwa mimi mwenyewe, nimekaa kitini, kipanya mkononi, najaza namba kwenye kisanduku. Hizo ndizo nilizoombwa kuzisimulia.

Twende mwaka 1981. Mwezi Agosti, Marekani, kampuni ya IBM inatoa PC, kompyuta yake ya mezani. Ndani yake kuna kichakataji cha Intel 8088 chenye nyaya 20 za anwani. Nyaya 20 zinakupa anwani 1,048,576, kila moja ya baiti moja, nafasi ya herufi moja, yaani megabaiti 1, na hapo ndipo shamba linapoishia. IBM wakazikata kilobaiti (KB) 384 za juu, kilobaiti moja ikiwa baiti 1,024, wakazitenga kwa ajili ya skrini, vifaa, na programu zilizochomwa ndani ya chipu. Zikabaki KB 640 kwa ajili ya DOS, mfumo ulioiendesha PC hiyo, na kazi zako. Msidhani watu walinung'unika. Kompyuta ya bei ya chini kabisa siku ile ilikuja na KB 16! Kumwambia mwenye KB 16 kwamba mwisho ni 640 ni sawa na kumwambia mwenye baiskeli wa Mbagala kwamba barabara inaishia Tunduma. (Kuna maneno anayosingiziwa Bill Gates, kwamba KB 640 zinamtosha kila mtu. Mwenyewe amekana kuyasema. Tumwachie.)

Sasa, DOS iligawaje? Nitawajibu kwa kifupi: haikugawa.

Faili la programu lilikuwa na kichwa chake, na kichwani kuna namba mbili. Ya kwanza ni kiasi cha chini: bila hiki siendi. Ya pili ni kiasi cha juu: hiki ndicho ninachokitamani. Mwandishi wa programu asiposema lolote, chombo cha Microsoft cha kuunganishia programu kilimwandikia kwenye namba ya pili 65,535. Namba hizo zinahesabu vipande, na kila kipande ni baiti 16. Pigeni hesabu. Nani amepata? Naam, baiti 1,048,560. Megabaiti nzima kasoro baiti 16! Programu inaingia kwenye kompyuta ambayo shamba lake lote ni megabaiti moja, inasema: nipe megabaiti. DOS inajibu: sina, chukua chote kilichobaki. Ni mgeni anayefika jioni, unamwonyesha chumba, yeye anaomba funguo za nyumba nzima, nawe unampa, kwa sababu hakuna mgeni mwingine unayemtarajia usiku huo.

Na daftari la ardhi je? Lilikuwepo, tangu DOS 2 ya mwaka 1983. Mbele ya kila kipande kiliwekwa kibao cha baiti 16: mwenye kipande ni nani, ukubwa wake, na herufi moja. M maana yake kuna kipande kingine mbele. Z maana yake umefika mwisho. Basi! Hilo ndilo daftari zima. Na daftari lenyewe limelala humo humo shambani, katikati ya mazao, halina uzio. Programu ikikosea hatua ikakanyaga kibao cha jirani, siku DOS inapita kuhesabu haioni M wala Z. Inatangaza kwamba mgao umeharibika, inasimama. Unazima, unawasha.

Halafu wageni wakaanza kuongezeka. Mwaka 1984 kampuni ya Borland ikatoa Sidekick. Unaifungua mara moja, inajilaza kwenye kona ya kumbukumbu, na uko katikati ya kazi nyingine unabonyeza Ctrl na Alt, kikokotoo na daftari vinatokea juu ya kazi yako. Watu walishangilia. Ila aliyelala kwenye kona haondoki. Ukiongeza kipanya, ukaongeza mtandao wa ofisi, kila mmoja amejilaza na kona yake, zile 640 zinageuka 590, 560, 540.

Mwaka 1992 nilikuwa fundi mdogo. Nikaitwa kwenye ofisi moja, programu ya mahesabu haifunguki, imepungukiwa KB 9. Tisa! Nikafungua CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, nikaanza kuhamisha mistari, huyu apande, huyu ashuke. DOS 5, iliyotoka mwaka uliotangulia, ilituruhusu kuwapandisha baadhi ya hawa waliolala kwenye mapengo ya zile KB 384 za juu. Lakini upandishaji ulikuwa na siri yake, kama kupakia buti ya basi la mikoani: ukitanguliza vibegi, sanduku halitaingia. Nilianza saa tatu asubuhi. Nilihamisha, nikawasha upya, nikahesabu, nikahamisha. Saa tisa alasiri zikapatikana KB 11. Mhasibu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake kaamka.

Hiyo ndiyo DOS. Mgawaji hayupo, kila mtu na mbio zake.

Sasa nawapeleka kwenye kompyuta ninayoipenda zaidi, na nitakaa hapo muda mrefu, mwenyekiti anivumilie.

Januari 1984, Apple wanatoa Macintosh. Kumbukumbu KB 128. Simu yako ya GB 2, hiyo unayoilaani, ina kumbukumbu ya Macintosh 16,384. Na ndani ya hizo 128 walitaka picha, madirisha, fonti, kipanya. Skrini yenyewe ilikuwa na nukta 512 kwa 342, nyeusi au nyeupe, kila nukta biti moja. Jumla baiti 21,888. Yaani hujaandika hata herufi, sehemu moja kati ya sita ya kumbukumbu imeshaliwa na picha ya skrini! Kinachobaki wanagawana mfumo na programu moja. Programu moja tu, ukiacha vijiprogramu vidogo kama kikokotoo. Ukitaka nyingine, funga hii kwanza. Na ukinakili disketi kwa mashine yenye mdomo mmoja, ilisoma kidogo, ikaitema, ikadai ya pili, ikaandika kidogo, ikaitema, ikadai ya kwanza, mpaka mkono unachoka.

Ndani ya eneo la programu mambo yalikaaje? Vitu vya kudumu, kama maandishi yako na picha zako, vilirundikwa kuanzia chini kwenda juu. Hesabu za kupita ziliwekwa kuanzia juu kushuka chini. Katikati pakabaki wazi. Na kama vikikutana? Hakukuwa na ukuta wa kuvizuia. Kulikuwa na mlinzi tu, kijiprogramu kilichoamka mara 60 kwa sekunde, kikachungulia kama hawa wa juu wamewakanyaga wa chini. Wakikanyagana, inatokea picha ya bomu na namba 28. Mlinzi hakuzuia ajali. Alikuja kukwambia imeshatokea.

Lakini shida kubwa haikuwa hiyo. Shida kubwa ni mapengo. Nani hapa amepanda daladala leo? Umeingia na mama na mtoto, mnataka kukaa pamoja, viti vitatu. Konda anaapa nafasi zipo. Kweli zipo: kimoja nyuma ya dereva, kimoja katikati, kimoja dirishani mwisho kabisa. Vitatu vipo, ila vitatu vya pamoja havipo. Kumbukumbu nayo ndivyo inavyokuwa baada ya saa nzima ya kuweka na kuondoa. Nafasi ipo tele na hakuna pa kukaa.

Wenzetu wa Apple walifanyaje? Walisema: tuwasogeze abiria. Lakini ukimsogeza mtu, aliyekuwa anamfuata kwa anwani ya zamani atampata wapi? Hapo ndipo pana akili, sikilizeni vizuri. Mnamjua mjumbe wa nyumba kumi. Mgeni akija kumtafuta Juma, hapewi namba ya nyumba ya Juma, anapewa nyumba ya mjumbe. Mjumbe ana daftari. Juma akihama vyumba mara tano, mjumbe anafuta anaandika upya, na wewe unayemtafuta wala hujui kwamba amehama. Macintosh ilifanya hivyo hivyo. Programu ikiomba nafasi, haikupewa anwani ya nafasi. Ilipewa anwani ya mahali palipoandikwa anwani. Yule mjumbe hahami kamwe. Wengine wote wanaweza kusogezwa usiku na mchana, mapengo yakaunganishwa yakawa kiwanja kimoja.

Kosa la waandishi wa programu likawa lipi? Haraka. Mtu anakwenda kwa mjumbe, anaiona namba ya nyumba ya Juma, anainakili kiganjani ili asirudi tena kwa mjumbe. Anageuka kidogo kuuomba mfumo huduma nyingine, na huduma ile inawasogeza watu. Anarudi na namba yake ya kiganjani, anabisha hodi, anafunguliwa na mtu mwingine kabisa. Anamkabidhi barua ya Juma. Bomu! Na ubaya wake, mara tisa haitokei, ya kumi inatokea mbele ya mteja.

Kwa hiyo uliruhusiwa kumfunga Juma: huyu asihamishwe mpaka nimalize naye. Sasa, alama ya kwamba Juma kafungwa iandikwe wapi? Kila baiti ni ya thamani, ni KB 128 hizi! Wakaangalia. Kichakataji cha Motorola 68000 kiliandika anwani kwa biti 32, ila anwani iliyotoka nje ilikuwa ya biti 24. Biti 8 za juu hazisomwi na mtu. Wakasema: tuandike hapo hapo, juu ya namba yenyewe ya nyumba. Ni mjumbe anayeandika nyumba 214 kuwa 9214, ile 9 ya mbele ikiwa na maana ya "huyu asisumbuliwe," na tarishi akijua kwamba mtaa wetu hauna nyumba elfu, basi ile ya mbele haitazami.

Mnaona litakalotokea? Mtaa ukakua! Vikaja vichakataji vyenye nyaya 32 kamili. Tarishi mpya akasoma namba yote, akaipeleka barua nyumba ya 9214. Macintosh II ilitoka mwaka 1987 na kichakataji chenye nguvu zote hizo, lakini programu zilizochomwa kwenye chipu zake bado zilikuwa za mjumbe wa zamani. Unaweka kumbukumbu nyingi, unatumia MB 8 tu. Mfumo wa 7 (System 7) wa Macintosh ukaja mwaka 1991 na uwezo wa anwani ndefu, na wenye Macintosh II, IIx, IIcx na SE/30 wakabaki nje ya mlango, mpaka kampuni ya Connectix ilipotoa programu ya MODE32 ya kuwaingiza. Miaka 7, kwa sababu ya biti chache zilizobanwa mwaka 1984. Nami siwalaumu. Ningekuwa mimi na KB 128, ningeandika hata pembezoni mwa pembezoni.

Haya, ile hadithi ya mimi kuwa mgawaji. Tufike hapo.

Mwaka 1985 Andy Hertzfeld, mmoja wa walioiandika Macintosh, alitengeneza Switcher, ya kuweka programu kadhaa kwenye kumbukumbu na kuruka kutoka moja hadi nyingine. Mwaka 1987 Apple wakaleta MultiFinder. Sasa programu nyingi kwa pamoja, kila moja na kiwanja chake. Lakini kiwanja cha ukubwa gani? Kompyuta haijui. Kwa hiyo inakuuliza wewe! Unaichagua programu ikiwa imefungwa, unafungua dirisha la taarifa zake, na chini pembeni kuna kisanduku: ukubwa wa kumbukumbu, kwa kilobaiti. Unaandika namba. Ikifunguliwa inapewa hicho, kipande kimoja kisichokatika, tangu inafunguliwa mpaka inafungwa. Ikipungukiwa katikati ya kazi, haiongezewi, hata kama jirani ana nafasi tupu. Ikibakiwa na nafasi, hairudishi.

Nauliza tena: nani aligawa? Fundi wa kupanga kurasa. Katibu muhtasi. Mwalimu wa sekondari. Watu ambao walitaka kuandika barua, wakajikuta ni maofisa ardhi.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa napanga kurasa kwenye duka moja la uchapaji hapa mjini. Macintosh yetu ilikuwa na MB 8, na tuliihesabu kuwa tajiri. Alhamisi moja alikuja mama mmoja wa kadi za harusi, harusi ya mtoto wake Jumamosi ya wiki inayofuata, kadi mia tatu, zitoke kesho yake. Nikafungua programu ya kuandikia, ya kuchorea, na ya kupanga kurasa, kwa mfuatano huo. Nikamaliza maandishi, nikaifunga ile ya kwanza. Nikamaliza ua la pembeni, lakini ya kuchorea nikaiacha wazi, labda mama atabadilisha rangi. Nikaenda kufungua ya picha. Ikakataa: kumbukumbu haitoshi.

Kwenye menyu ya tufaha kulikuwa na dirisha la kukuonyesha mgao. Kila programu ina ufito wake: urefu wa ufito ni kiwanja ulichoipa, na sehemu iliyokolea ni inayotumika kweli. Juu ya fito hizo, namba ya pengo kubwa kuliko yote. Nikatazama. Nafasi ilikuwepo, ila ile ya kuchorea na ile ya kupanga kurasa zilikaa katikati, kama abiria wawili waliolala viti vya kati. Pande zao mbili wazi, na hakuna upande unaotosha. Hawa hawasogezwi. Ndani ya kiwanja cha programu mjumbe anahamisha watu, lakini kiwanja chenyewe hakihami. Dawa yake ni moja: funga wote, anza upya, na safari hii fungua kwanza yule ambaye hutamfunga mpaka jioni.

Nikafunga wote. Nikiwa na hasira, nikafanya kosa la pili, na hili ni langu peke yangu. Nikasema hii ya kupanga kurasa isinisumbue tena, nikaiandikia namba kubwa kabisa iliyoweza kuingia. Ikafunguka vizuri, ikakimbia. Mama amekaa kwenye benchi, ananitazama kwa matumaini. Nikaamuru kuchapa. Kimya. Kumbe uchapaji wa nyuma ya pazia nao ulikuwa programu, unajifungua wenyewe ukiitwa, nao unataka kiwanja chake, na mimi nimeshaigawa ardhi yote kwa mtu mmoja! Ikatokea taarifa kwamba hakuna kumbukumbu ya kuchapia. Ile sehemu iliyokolea kwenye ufito wa tajiri wangu haikufika hata nusu.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, mashine imechoka?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni mimi nimedhulumu." Hakunielewa. Nikapunguza namba, kadi zikatoka saa mbili usiku.

Mtaniuliza: mzee, hakukuwa na njia bora? Ilikuwepo, na ilikuwa kongwe. Mashine ya Atlas, Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962 tayari iliweza kuigawa kumbukumbu yenyewe vipande vipande, na kuazima nafasi kwenye hifadhi ya nje bila programu kujua. Miaka 22 kabla ya Macintosh! Lakini kazi hiyo inahitaji vifaa vya kutafsiri kila anwani, na ile 68000 haikuwa navyo. Ilikuwa kompyuta ya kuwekwa mezani kwa mtu, bei ikiwa imeshapaa. Kwa hiyo ukuta haukujengwa. Baadaye Mfumo wa 7 uliazima nafasi kwenye diski, sawa, lakini viwanja vilibaki vile vile na uzio haukuwekwa. Programu moja ikianguka, ilianguka na mtaa mzima, nawe ulikuwa hujahifadhi kazi. Na neno "hujahifadhi" linanipa baridi mpaka leo, mke wangu ni shahidi, naandika mistari miwili nabonyeza kuhifadhi.

Tarehe 24 Machi 2001 Apple wakatoa Mac OS X, yenye kuta, na mgawaji akawa mfumo. Mashine ya namna hiyo ilinifikia miaka kadhaa baadaye. Siku ya kwanza, kabla ya kazi yoyote, nilikwenda kwenye dirisha la taarifa za programu kutafuta kisanduku changu cha kilobaiti. Hakipo. Nikatafuta kwenye programu ya pili. Hakipo. Nikabaki nimeshika kipanya kama mtu aliyestaafishwa bila barua.

Ila duka lilikuwa na programu moja ya zamani ya kuchorea, iliyoendeshwa ndani ya mfumo wa kale uliofungiwa humo humo kwa ajili ya programu za aina hiyo. Nikaifungulia dirisha la taarifa. Kisanduku kipo! Pale pale chini. Sikuwa na shida yoyote ya kumbukumbu siku hiyo. Nikaiongezea KB 500.

Ahsanteni sana. Maswali yaanze na yule dada wa nyuma, ameinua mkono tangu tulipokuwa kwenye daladala.